Mashua Zinazomtafuta Mtu

Treni ya Yichang huondoka Hankou, upande wa kaskazini wa mto Yangtze, na baada ya muda mfupi majengo marefu ya Wuhan yote yamebaki nyuma. Kinachofuata ni uwanda wa Jianghan: mpunga, mabwawa ya samaki, mabwawa ya yungiyungi, nyumba za wakulima zilizoezekwa vigae, kisha mpunga tena. Nilikuwa sijawahi kusafiri peke yangu ndani ya China. Zilikuwa zimebaki siku chache ifike sikukuu ya Duanwu ya mwaka 2025, iliyoangukia tarehe 31 Mei, na behewa lilijaa watu wanaorudi kwao na maboksi ya matunda, watoto wamelala mabegani. Mimi nilibeba daftari la kuchorea, kalamu za rangi na kazi moja: kutengeneza bango.

Kazi hiyo tulipewa chuoni sisi wanafunzi wa kigeni tunaosomea usanifu wa michoro. Kila mmoja achague sikukuu moja ya jadi ya Wachina, aitengenezee bango ambalo mtu asiyewahi kukanyaga China ataliangalia na kuguswa nalo. Maandishi yawe ya Kichina, ya Kiingereza na ya lugha ya kwao mwanafunzi. Wengi walichagua Mwaka Mpya wa jadi, na si ajabu, maana ndiyo sikukuu kubwa kuliko zote, na Desemba 2024 ilikuwa imetoka kuingizwa katika orodha ya UNESCO ya urithi wa utamaduni usiogusika. Mimi nilichagua Duanwu, siku ya tano ya mwezi wa tano wa kalenda yao ya jadi, kwa sababu ni sikukuu ya mashua. Nimezaliwa Lamu. Msomaji niliyemweka mbele yangu tangu mwanzo ni mtu aliyekaa barazani Lamu, anayekijua chombo kwa mlio wa mbao zake, lakini habari za China anazozijua ni zile za bidhaa zilizopangwa madukani.

Kabla ya kuondoka nilikusanya mabango mengi ya Duanwu yaliyotengenezwa kwa ajili ya watu wa nje. Yalikaribiana sana: dragoni wa rangi nyekundu na dhahabu, mawimbi yanayoruka, wanaume wenye mikono minene wakipiga makafi, na mara nyingine utepe wa mwisho wa mashindano. Sura hiyo ina historia yake. Mwaka 1976 Hong Kong iliandaa mashindano ya kimataifa ya mashua za dragoni ili kuvutia watalii, ikaalika kikosi kutoka Nagasaki, Japani. Baadaye mchezo ukasambaa hadi Ulaya, Amerika Kaskazini na Australia, na mwaka 1991 likaundwa shirikisho la kimataifa. Leo wako watu wengi duniani waliopiga kafi ndani ya mashua ya dragoni bila kujua ni kwa ajili ya nani. Kazi hiyo naiheshimu, kwa sababu mbio zimeifikisha mashua mahali ambapo hadithi peke yake isingefika. Lakini bango la mbio humwita mtu aje kumwona mshindi, na mimi nilitaka kujua watu wa kwanza waliingia mtoni kufanya nini. Nikakata tiketi ya kwenda Zigui, wilaya inayohesabiwa kuwa nyumbani kwa Qu Yuan, mshairi wa kale anayekumbukwa siku hiyo.

Katikati ya njia treni ilisimama Jingzhou. Kaskazini ya mji huo yapo magofu ya Ying, uliokuwa mji mkuu wa dola ya Chu. Mwaka 278 KK jenerali Bai Qi wa dola ya Qin aliuteka. Qu Yuan, mshairi na ofisa wa juu wa Chu, alikuwa amefukuzwa na kuhamishwa kwa sababu aliwashauri wafalme wake mambo wasiyotaka kuyasikia. Wanasimulia kwamba alipopata habari za kuanguka kwa mji, alikumbatia jiwe akajitosa katika mto Miluo, kusini ya mbali, upande wa ziwa Dongting. Sima Qian, mwanahistoria wa enzi ya Han, ameandika maisha yake, na jiwe hilo limo katika maandishi yake. Na ni kutoka nchi hiyohiyo ya Jingzhou kwamba katika karne ya 6 Zong Lin aliandika kitabu cha desturi za mwaka mzima za watu wa Chu. Mna pakanga iliyotundikwa milangoni, mna nyuzi za rangi mikononi, mna mashua mtoni siku ya tano ya mwezi wa tano. Nilikuwa nimekisoma kidogokidogo, kamusi mkononi. Dirishani niliona mashamba tu na mistari ya umeme, lakini nilichora hilo shamba, maana hapo ndipo msiba wenyewe ulipoanzia, na katika mabango yote niliyokusanya hapakuwa na hata moja lenye msiba.

Kutoka Yichang unapanda basi, na barabara inaingia milimani, handaki baada ya handaki, na kila unapotoka gizani unauona mto chini kabisa, umebanwa na magenge ya Xiling. Mji wa Zigui wa leo uko Maoping, juu kidogo ya Bwawa la Magenge Matatu. Ukisimama ukingoni unauona ukuta wa bwawa wote, zaidi ya kilomita 2 kutoka upande mmoja hadi mwingine, ukingo wake wa juu ukiwa mita 185 juu ya usawa wa bahari. Mji wa zamani uko chini ya maji. Zaidi ya watu milioni moja walihamishwa kandokando ya mto huu ili ziwa lipate nafasi, na hata hekalu la Qu Yuan limehama. Lilijengwa mara ya kwanza mwaka 820, enzi ya Tang. Mwaka 1976 lilihamishwa kwa sababu ya bwawa la Gezhouba, kisha likahamishwa tena kwa sababu ya hili kubwa, na sasa liko juu ya kilima cha Fenghuangshan, linatazama maji. Niliwaza juu ya mshairi aliyefukuzwa nchini mwake akiwa hai, na nyumba ya kumbukumbu yake ikaandamwa na maji mara mbili.

Nilipokewa na mama wa mwanafunzi mwenzangu, katika nyumba ya ghorofa inayotazama ziwa. Nilimwita Ayi, kama vijana wa China wanavyowaita wanawake wenye umri wa mama zao. Mwishoni mwa Mei maji ya ziwa hushushwa, kutoka mita 175 za majira ya baridi kuelekea 145, ili mafuriko ya kiangazi yapate pa kuingia, na ukingo mpana wa udongo na mawe hubaki wazi pande zote. Ayi alinionyesha kwa kidole kutoka dirishani mahali ambapo, kwa kadiri anavyokumbuka, ilikuwa njia ya kwenda shuleni kwao. Hakusema zaidi, akaniita jikoni.

Jikoni kulikuwa na beseni la majani. Majani marefu mapana ya mwanzi, yamelowekwa usiku kucha, yana harufu ya chai na ya mvua. Beseni la pili lilikuwa na mchele wa kunata, mweupe sana, na bakuli lilijaa matunda mekundu yaliyokauka, yenye ngozi ya mikunjo. Niliyatambua kabla sijaambiwa. Ni kunazi, ndugu mkubwa wa kunazi letu la pwani, mti wa ukoo uleule.

Nilikuwa nimejiandaa kukataa kwa adabu, kwa kuwa katika sehemu nyingi za China zongzi, mchele wa kunata unaofungwa kwa majani na kuliwa Duanwu, hutiwa nyama ya nguruwe au mafuta yake. Nilipomweleza Ayi, alinitazama kwa mshangao. Za Zigui, akasema, ni mchele na kunazi moja, basi. Akaniketisha. Unachukua majani mawili, unayalaza moja juu ya jingine nusu kwa nusu, upande laini ukiwa ndani, unayakunja mpaka yafanye koni isiyo na tundu chini. Unatia mchele kidogo, unaweka kunazi katikati, unafunika kwa mchele, kisha unaushindilia kwa kijiti cha kulia. Baada ya hapo unalaza ncha za majani juu, unazibana kwa vidole mpaka zitokee pembe kali, halafu unauma ncha moja ya uzi kwa meno na kuzungusha ile nyingine kwa mkono. Mikono ya Ayi ilifanya yote hayo macho yake yakiwa kwenye mikono yangu. Zongzi zake zilitoka na pembe zinazochoma. Alinieleza maana ya kila kitu huku akikunja, kwa namna inayojulikana na kila mtoto wa Zigui: pembe ni unyoofu wa Qu Yuan, weupe ni usafi wake, na hilo kunazi jekundu ndani ni moyo wake kwa nchi yake.

Kuhusu uzi nilikuwa nimesoma kisa cha kitabu kingine cha karne ya 6, cha mwandishi Wu Jun. Mtu wa Changsha alitokewa na mzimu uliojitambulisha kwa cheo cha Qu Yuan. Ukamwambia kwamba chakula wanachomtupia mtoni kila mwaka huibwa na joka la majini, basi wakifunike kwa majani na kukifunga kwa nyuzi za rangi, vitu viwili ambavyo joka hilo linaviogopa. Nilimsimulia Ayi kwa Kichina changu kinachochechemea. Alicheka, akasema uzi kazi yake ni kuzuia mchele usitoke, na akavuta fundo mpaka jani likalia. Nayapenda maelezo yote mawili na sioni haja ya kuchagua.

Sufuria ilichemka saa nyingi. Jani, ambalo likiwa bichi lina kijani cha kung'aa, huiva likawa na rangi ya zeituni, na mchele ulioguswa nalo hupata kivuli chepesi cha kijani. Niliandika rangi hizo daftarini moja baada ya nyingine. Dhahabu haikuwamo. Na nyekundu ilikuwa kidogo sana, imefichwa katikati, mpaka ukate ndipo uione.

Asubuhi ya Duanwu kijani kilizidi. Sokoni wanawake waliuza mafungu ya pakanga na ya changpu, jani refu lenye umbo la upanga, na kufikia wakati wa kifungua kinywa kila mlango wa ghorofa yetu ulikuwa na fungu lake. Watoto walivaa mikononi nyuzi za rangi tano, kijani, nyekundu, nyeupe, nyeusi na manjano, na shingoni vifuko vidogo vya kitambaa vilivyojazwa majani makavu yenye harufu kali. Mwezi wa tano tangu zamani umehesabiwa kuwa mwezi mbaya: joto linaingia, wadudu wanazagaa, magonjwa yanaamka. Nyoka, nge, tandu, chura na mjusi, ambao wanaitwa sumu tano, huchorwa na kufumwa ili wafukuzwe. Zamani watu walikunywa pia pombe iliyochanganywa na xionghuang, madini ya rangi ya chungwa yenye aseniki, na siku hizi wengi wameiacha kwa sababu ni sumu ya kweli. Nilikuwa nimekuja kutafuta mashua, nikakuta nyumba zinazojikinga. Mgeni anayeoneshwa mbio peke yake hawezi kujua kwamba sikukuu hii ni ya watu wanaoogopa kupoteza watoto wao kwa homa ya kiangazi, na kwamba harufu ya pakanga ni sehemu yake zaidi hata kuliko ngoma.

Hekaluni niliona vichwa vya dragoni kabla ya kuona mashua. Vililetwa kutoka mtoni, vya mbao, vimepakwa rangi, kila kimoja na pembe za paa na ndevu za samaki, vikawekwa mbele ya sanamu ya Qu Yuan. Uvumba uliwashwa. Mimi nilisimama pembeni, kwa sababu ibada hiyo si yangu, na hakuna aliyenilazimisha kufanya lolote. Vichwa vilivishwa vitambaa vyekundu. Kisha wazee wakapewa brashi zenye rangi nyekundu, na mmoja baada ya mwingine wakagusa mboni za macho ya dragoni. Kabla ya hapo macho yalikuwa meupe, na kichwa ni kipande cha mbao kilichochongwa vizuri. Brashi ilipogusa, nilihisi kuangaliwa.

Lamu tunalijua jicho la chombo. Majahazi yetu hubandikwa duara la mbao kila upande wa omo, lililochongwa nyota na mwezi, na mitepe ya kale nayo ilikuwa na macho. Nilimwuliza mzee mmoja aliyesimama karibu yangu, aliyekuwa amevaa nguo ya wapiga kafi ingawa umri wake ulikuwa umekwishapita kazi hiyo, kwa nini dragoni afunguliwe macho na ndani ya mashua wamejaa watu wanaoona. Alijibu bila kufikiri sana. Watu wanaona juu ya maji, akasema, yeye anaona chini.

Jibu hilo lilibadilisha kila nilichokiona siku ile. Kabla ya mashindano mashua za Zigui hazianzi kwa kukimbia, bali huzunguka ghuba polepole, moja nyuma ya nyingine, ngoma ikipigwa pigo moja moja lililoachana. Mwimbishaji husimama na kuita, na wapiga kafi huitikia. Wanamwita Qu Yuan kama dada anavyomwita kaka yake, wanamsihi arudi nyumbani, asipotelee mashariki wala kusini wala magharibi wala kaskazini. Wanawake ukingoni walitupa zongzi majini. Wengine walikuwa wanarekodi kwa simu, watoto wanakula aiskrimu, wauzaji wanapiga kelele, lakini sauti ya mwitikio ilipotoka ziwani niliona watu wazima wakinyamaza na kuweka simu chini. Ukingoni, ule ukanda mtupu uliobaki baada ya maji kushuka, wazee wengine walikuwa wamekaa wakitazama upande ulipokuwa mji wao wa zamani.

Wanamtafuta mtu. Mashua ni za kumtafuta mtu aliyezama. Makafi yanapiga maji ili samaki wakimbie, ngoma inalia kwa ajili hiyohiyo, chakula kinatupwa ili viumbe wa mtoni washibe wasimguse, na dragoni amefunguliwa macho ili aone chini. Mbio zilitokana na haraka ya kumfikia kabla ya muda kupita. Nilipoelewa hivyo nilikumbuka kwamba hata mahali ambapo Duanwu haihusishwi na Qu Yuan, maji yana maiti. Suzhou wanamkumbuka Wu Zixu, waziri ambaye mfalme alimwamuru ajiue na mwili wake ukatupwa mtoni. Shangyu, Zhejiang, wanamkumbuka Cao E, binti mdogo wa enzi ya Han aliyehangaika kandokando ya mto akimtafuta baba yake aliyezama, mwishowe naye akajitosa. Mwaka 2009, UNESCO ilipoiingiza Duanwu katika orodha yake kwenye mkutano uliofanyika Abu Dhabi, ilikuwa sikukuu ya kwanza ya Wachina kuandikwa humo, na Zigui, Miluo na Suzhou zote zilikuwamo katika maombi hayo, kila moja na marehemu wake na mila zake.

Hakuna mtu wa pwani anayehitaji kufafanuliwa jambo hili. Chombo kisiporudi wakati wa kusi, vyombo vingine hutoka. Hatuulizi kwanza nani atafika mbele.

Mashindano yenyewe yalifuata mchana, mashua nyembamba zenye wapiga kafi wengi, ngoma ikienda mbio, ukingo mzima umesimama, na nilipiga kelele mpaka sauti ikanikauka. Niliyafurahia kwa moyo wote. Sikuona mgongano wowote kati ya furaha ile na msiba wa asubuhi.

Kabla ya kurudi nilipelekwa Lepingli, kijiji kilicho ndani milimani ambako kwa jadi ndiko alikozaliwa Qu Yuan. Huko kuna chama cha mashairi cha wakulima, kilichofufuliwa miaka ya 1980, nao hukutana Duanwu kusomeana tungo zao kwa sauti. Ni watu wenye udongo kwenye kucha, wanaolima machungwa ambayo Zigui inajulikana kwayo, na katika mashairi ya Qu Yuan limo moja lote kuhusu mchungwa, mti ambao haukubali kuhamishwa. Nililelewa mahali ambapo mvuvi anaweza kukujibu kwa beti, kwa hiyo nilikaa nao mchana kutwa bila kuelewa nusu ya maneno, wala sikuchoka.

Bango nililianza usiku huo mezani kwa Ayi. Jambo la kwanza nililoamua ni kwamba nyekundu haitatawala. Nyekundu na dhahabu ni rangi za Mwaka Mpya, na dunia imezizoea kiasi kwamba macho hupita juu yake bila kusimama. Jambo la pili lilikuwa dragoni. Kwa Mzungu aliyelelewa na sanamu za Mtakatifu George, dragoni ni mnyama wa kuchomwa mkuki. Kwa mtu wa Lamu anaweza kuwa joka la hadithi linalomeza watu. Kwa Mchina ndiye mwenye mvua na mito. Ukimchora mzima, na meno na kucha, kila mtu ataleta dragoni wake mwenyewe kichwani na bango litazungumza mambo matatu yanayopingana. Kwa hiyo sikumchora mzima. Niliangalia zongzi ya Ayi iliyobaki kwenye sahani, nikaigeuza upande, na ile pembe ndefu ikawa omo ya chombo. Majani yaliyopandiana yalikuwa mbao za ubavu. Kunazi lilikuwa jicho.

Kuanzia hapo mkono ulichora wenyewe. Karatasi nyeupe, si weupe wa maziwa bali weupe wa mchele wenye kivuli cha kijani. Jani moja kubwa lililokunjwa, linaingia kutoka kushoto na kuchukua karibu theluthi mbili za nafasi, ncha yake imeinama kidogo kuelekea chini, kwa sababu chombo kinachotafuta hakiinui kichwa. Jicho jekundu moja. Chini yake maji, niliyoyachora kwa mistari michache tu iliyolala, bila mawimbi, maana ziwa la Zigui siku ile lilikuwa limetulia. Wapiga kafi hawamo. Nilijaribu kuwaweka, na kila nilipowaweka bango liligeuka kuwa la mbio.

Nilitazama sana stempu ya mwaka 1953. Mwaka huo Baraza la Amani la Dunia liliwachagua watu wanne wa utamaduni wakumbukwe ulimwenguni kote, Qu Yuan, Copernicus, Rabelais na José Martí, na China ikatoa stempu nne zenye sura zao. Ni karatasi ndogo kuliko dole gumba, na ilimbeba mshairi wa Chu hadi nchi zisizojua kusoma herufi zake. Sura yake peke yake ilitosha, hakuna mtu aliyeongeza mashua, zongzi, ngoma na mlima. Stempu ile ilinipa ujasiri wa kuacha vitu nje, na kuacha vitu nje ndiyo kazi ngumu ya bango kwa watu wa mbali, kwa kuwa kila mwenyeji anakukumbusha alichokipenda yeye.

Maandishi yalinisumbua kuliko mchoro. Mashirika mengi yangejaza historia pembeni kwa herufi ndogo. Mimi niliweka jina la sikukuu, mahali, tarehe, na sentensi moja katika lugha tatu inayosema kwamba mashua hizi zinamtafuta mshairi aliyezama. Tarehe niliweka tatu, kwa sababu Zigui huadhimisha Duanwu mara tatu: siku ya tano, siku ya kumi na tano ambayo wanaiita kubwa, na siku ya ishirini na tano. Ayi alisisitiza. Bango lisilo na ile ya kumi na tano, alisema, si la Zigui. Uzi nao uliingia kwa sababu yake, uzi wa rangi tano unaozunguka jani mara moja na kushuka ukingoni, na maandishi yote yanafuata mstari wake.

Niliporudi Wuhan, fundi wa mitambo ya kuchapa alinieleza kwamba kijani cha kuchanganya buluu na manjano kitatoka kimefifia kwenye karatasi niliyoichagua, na akanishauri tutumie wino maalumu wa kijani peke yake. Gharama iliongezeka. Nilipoziona nakala za kwanza za ukubwa wa A2 zikitoka, zina rangi ileile ya jani lililochemka, sikujutia senti. Nilitengeneza pia umbo refu jembamba la kutazamwa kwenye simu, kwa sababu China mabango mengi leo huishi humo, na Lamu vilevile.

Nililituma nyumbani. Majibu yalikuwa ya kawaida, picha za mikono na maua, mpaka ukaja ujumbe wa sauti wa nahodha mzee aliyekuwa rafiki wa babu yangu, ambaye kwa kawaida hanitumii chochote. Upepo ulisikika nyuma yake. Aliuliza jambo moja: "Mwanangu, walimpata?"

Nilimpigia simu. Nikamwambia, babu, hawakumpata. Zigui wanasimulia kwamba samaki mkubwa alimbeba kutoka Dongting akampandisha mtoni mpaka kwao, na ndiyo maana wanamwita kila mwaka upande ule, na ni zaidi ya miaka elfu mbili sasa. Alinyamaza kidogo, akasema samaki wa namna hiyo hata huku wapo katika habari za wazee. Kisha akataka kujua chombo kirefu hivyo kwa nini hakina tanga, mbao zake za mti gani, na ni nani anayeshika usukani. Nikamtumia picha ya mshika usukani wa Zigui, amesimama tezi na kasia lake refu, macho yamekazwa majini. Nahodha aliitazama, akaniambia kwamba bango ni zuri, lakini yeye angemchora huyu.